Uanagenzi wa utafiti: nafasi ya wanafunzi wa hisabati na faida yake kwa wakazi

Kila mwisho wa mwezi, wahudumu wa vituo vya afya hujumlisha rejista zao na kujaza fomu: wangapi walitibiwa malaria, wangapi waliharisha, wangapi walipata nimonia. Takwimu hizo huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka wa 2011. Kaunti ya Kakamega, yenye kaunti ndogo 12 na wakazi 1,867,579 kwa mujibu wa sensa ya 2019, huchangia sehemu yake kila mwezi.

Hata hivyo, tarakimu zikishajumlishwa bado hazijasema yote. Je, wagonjwa wa malaria wameongezeka kwa sababu ya mvua, au kwa sababu zahanati iliyokuwa imeishiwa vipimo imeanza kupima tena? Ni wadi zipi zinazopaswa kupelekewa dawa kabla ya nyingine? Maswali kama haya yanahitaji mtu aliyesomea hisabati na takwimu, na aliye na nafasi ya kuketi na swali moja kwa miezi kadhaa.

Watu wa aina hiyo wanasomea hapa hapa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, MMUST, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2007, hufundisha hisabati na takwimu hadi viwango vya uzamili na uzamifu. Kibabii katika kaunti jirani ya Bungoma na Maseno upande wa Kisumu vina idara zao za hisabati. Njia mojawapo ya kuwakutanisha wanafunzi hawa na maswali ya wananchi ni uanagenzi wa utafiti, jambo ambalo wazazi na hata baadhi ya wanafunzi hawalifahamu vizuri.

Si atachimenti ya kawaida

Wengi wanaijua atachimenti. Mwanafunzi wa diploma au wa shahada ya kwanza hutumwa katika ofisi au kiwanda kwa miezi michache, akajaza kitabu chake cha kumbukumbu, na mhadhiri akaja kumkagua. Wengine wanaufahamu uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, ambao huwapa waliohitimu nafasi ya kujifunza kazi serikalini kwa mwaka mmoja.

Uanagenzi wa utafiti hutofautiana na hizo mbili kwa mambo matatu. Kwanza, unawalenga hasa wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Pili, mwanagenzi hapewi orodha ya kazi za ofisi bali hupewa swali ambalo jibu lake bado halijulikani, pamoja na data za kulichunguzia. Tatu, huwa na wasimamizi wawili: mhadhiri wake chuoni, na mtaalamu wa taasisi inayompokea. Anapomaliza huacha kitu kinachoweza kutumiwa, kama vile ripoti, ramani au programu ya kompyuta, na mara nyingi kazi hiyo huwa sura ya tasnifu yake.

Kwa wanafunzi wa hisabati nafasi hii ina uzito wa pekee. Mwanafunzi wa kemia ana maabara chuoni, na wa kilimo ana shamba la majaribio. Mwanafunzi wa hisabati anaweza kufika mwisho wa uzamili bila kushika data halisi hata siku moja, akitumia tarakimu za mfano au zilizochapishwa na watu wa nchi nyingine. Familia huwa imelipa karo kwa miaka, tasnifu ikaishia rafuni, na mwajiri wa kwanza anapouliza kama mhitimu amewahi kusafisha na kuchanganua data zenye makosa na mapengo, jibu linakuwa hapana.

Mfano wa Iguhu

Kazi ya mtaalamu wa hisabati katika utafiti inaeleweka zaidi kwa mfano wa nyumbani. Iguhu, kusini mwa mji wa Kakamega, iko takriban mita 1,400 hadi 1,600 juu ya usawa wa bahari, na bonde lake linapitiwa na Mto Yala. Kwa miaka mingi eneo hilo limekuwa kituo cha utafiti wa malaria ya nyanda za juu, na wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba nchini, KEMRI, pamoja na wenzao wa kigeni wamehesabu mbu, kupima damu za wakazi na kurekodi joto na mvua.

Kwa nini joto na mvua? Vimelea vya malaria huhitaji joto ili kukomaa ndani ya mbu. Nyuzi zikishuka chini ya takriban 16 hadi 18, ukuaji wao husimama au huwa wa polepole mno. Maji nayo huhitajika kwa mayai na viluwiluwi vya mbu. Umbo la bonde pia lina sehemu yake: bonde pana lenye sakafu tambarare hutuamisha maji, ilhali bonde jembamba lenye kingo kali huyatiririsha haraka.

Mtaalamu wa hisabati huyachukua mambo hayo matatu, yaani joto, mvua na umbo la ardhi, akayaunganisha katika milinganyo. Kisha hulinganisha matokeo ya milinganyo hiyo na idadi ya wagonjwa waliofika hospitalini miaka iliyopita. Milinganyo ikikubaliana na yaliyotokea kweli, inaweza kutumiwa kuonya kuhusu yajayo. Mwaka wa 2014, Andrew Githeko wa KEMRI na wenzake kutoka Kenya, Tanzania na Uganda walichapisha modeli za aina hii za kutabiri milipuko ya malaria Afrika Mashariki. Walipendekeza modeli moja kwa mabonde yanayotuamisha maji na nyingine kwa yale yanayoyatiririsha.

Kwa mkazi, thamani ya kazi hiyo iko katika muda. Joto na mvua hutangulia, mbu hufuata, wagonjwa huja baadaye. Anayejua kusoma dalili za mwanzo huipa hospitali wiki kadhaa za kuagiza dawa na vipimo kabla ya wodi ya watoto kujaa.

Kilifi, Nairobi na Mbita

Kenya ina taasisi zenye uzoefu wa kuwalea watafiti chipukizi. Mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust ulianza Kilifi mwaka wa 1989, na kwa miaka mingi umekuwa ukiwapokea wahitimu vijana kwa mafunzo ya utafiti, wakiwemo wa takwimu na hisabati. Ni huko ambako watafiti walifuatilia kaya 47 zenye jumla ya watu 493 katika msimu wa 2009 na 2010, wakichukua sampuli za pua mara mbili kwa wiki, ili kujua virusi vya RSV vinavyowasumbua watoto wachanga kifuani hutoka wapi. Uchanganuzi ulionyesha kwamba mara nyingi virusi viliingizwa nyumbani na kaka na dada wakubwa wa mtoto, wengi wao wakiwa wa umri wa kwenda shule. Wahudumu wa nyanjani walikusanya sampuli, wataalamu wa maabara wakazipima, lakini kujua nani alimwambukiza nani lilikuwa suala la hesabu.

Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, kina makao yake Kasarani, Nairobi, na kampasi nyingine Mbita, Kaunti ya Homa Bay. Tangu 1983 kimekuwa na mpango wa uzamifu kwa Waafrika, na pia kina mpango wa uanagenzi unaojulikana kama DRIP, unaowaruhusu wanafunzi waliosajiliwa katika vyuo vyao kwenda icipe kufanya utafiti wa tasnifu. Mwanafunzi hubaki kuwa wa chuo chake, lakini swali, data na msimamizi wa pili hutoka icipe.

Hapo pia kuna kazi kwa wanahisabati, kwa maana kituo hicho kina kitengo cha data na modeli. Viwavijeshi vilivyoingia Kenya mwaka wa 2017 vilishambulia mahindi ya magharibi mwa nchi, na kutabiri vitaenea wapi ni swali la joto, mvua, upepo na kasi ya kuzaana. Teknolojia ya vuta-sukuma, inayotumia desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi pembeni kupambana na viwavi na gugu la kayongo, nayo huhitaji mtu wa takwimu kupima kama mavuno yaliongezeka kwa sababu yake au kwa sababu ya mvua nzuri.

Wazo hili halikuanzia Afrika pekee. Nchini Kanada, shirika la Mitacs lilianzishwa mwaka wa 1999 kama mtandao wa wanahisabati, likaanza kuwapeleka wanafunzi wa hisabati katika viwanda, na baadaye likapanuka hadi taaluma nyingine zote. Marekani nayo imewahi kuwa na mpango wa kuwapeleka wanafunzi wa uzamifu wa hisabati katika maabara za kitaifa, ingawa huo ulikuwa kwa waliosoma katika vyuo vya huko. Kwa mwanafunzi wa Kakamega, njia iliyo karibu zaidi ni taasisi za ndani ya nchi.

Mambo ya kupanga kabla ya kuomba

Nafasi nyingi za uanagenzi wa utafiti hutangazwa mradi kwa mradi na huwa na tarehe ya mwisho. Mwanafunzi anayesubiri amalize masomo ya darasani ndipo aanze kutafuta huwa amechelewa. Yafuatayo humsaidia kujiandaa:

Kuzungumza na msimamizi wa chuo mapema. Taasisi nyingi huhitaji barua ya chuo, na bila kibali cha msimamizi kazi itakayofanywa huenda isikubaliwe kama sehemu ya tasnifu.

Kujua angalau lugha moja ya kompyuta ya uchanganuzi. R na Python hupatikana bila malipo na zina mafunzo mengi mtandaoni.

Kuandika barua ya maombi inayotaja swali. Barua inayosema mwombaji anapenda hisabati haimtofautishi na wengine. Inayoeleza swali analotaka kulichunguza, data zinazohitajika na mbinu atakayotumia humpa msomaji sababu ya kumwita.

Kuuliza kuhusu posho, makazi na muda kabla ya kukubali. Baadhi ya nafasi hulipiwa na nyingine hazilipiwi. Miezi sita Kilifi au Nairobi bila posho ni mzigo ambao familia inapaswa kuujua mapema.

Kukubaliana kwa maandishi kuhusu umiliki wa kazi: nani atatajwa kama mwandishi matokeo yakichapishwa, na kama mwanafunzi ataruhusiwa kutumia data hizo katika tasnifu.

Mtu anayedai ada ili kumhakikishia mwombaji nafasi anapaswa kuepukwa. Nafasi ya kweli hupatikana kwa ushindani, na tangazo lake huweza kuthibitishwa na taasisi yenyewe.

Ruhusa na siri za wananchi

Data za afya, shule au mashamba ni habari za watu. Kwa sababu hiyo, utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2013. Utafiti unaowahusu binadamu hupitishwa kwanza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, na MMUST ina kamati ya aina hiyo. Anayetaka kufanya utafiti katika kaunti hutakiwa pia kuzijulisha ofisi husika za kaunti kabla ya kuanza.

Juu ya hayo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwanagenzi anaweza kupewa rekodi za wagonjwa zilizoondolewa majina na nambari za vitambulisho, lakini haruhusiwi kuzinakili kwenye simu yake au kumpa rafiki. Hata pasipo majina, rekodi ya kijiji kidogo inayotaja umri, jinsia na ugonjwa adimu inaweza kumtambulisha mtu. Kulinda siri hiyo ni sehemu ya kazi sawa na hesabu zenyewe.

Wajibu na haki za mkazi

Utafiti wowote wa hisabati kuhusu jamii huanzia kwa mtu aliyekubali kujibu maswali, kutolewa damu au kupimiwa shamba. Akikosea nesi wa zahanati kujaza fomu, au mkulima akitaja magunia zaidi ya aliyovuna, milinganyo mizuri kiasi gani haitaokoa matokeo. Jibu la kweli mlangoni husaidia dawa kufika mahali panapostahili.

Mkazi naye ana haki zake. Mtafiti anapobisha hodi, mwenye nyumba anaweza kumwomba leseni ya NACOSTI na barua ya chuo au taasisi. Anapaswa kuelezwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au lugha ya nyumbani, utafiti unahusu nini, majibu yatahifadhiwa vipi na yatachukua muda gani. Anaweza kukataa, au kusitisha mahojiano katikati, bila kunyimwa huduma yoyote ya serikali. Anaweza pia kuuliza matokeo yatarudishwa lini kwa jamii, na mwanagenzi aliyeandaliwa vizuri atakuwa na jibu la swali hilo.