Je, Wajua? Baiskeli Iliyobaki Nyuma

Jioni moja mgeni alishuka kwenye teksi mtaani kwetu Kaloleni, Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge, amevaa viatu vya kuendeshea baiskeli. Vyuma vya chini ya soli viligonga sakafu kila alipopiga hatua. Baiskeli yenyewe haikuwepo. Alikuja kuuzunguka Mlima Meru kwa magurudumu mawili, na boksi lake lilibaki kwenye uwanja alikobadilishia ndege. Alingoja siku tatu. Katika kumsaidia kulifuatilia nilijifunza mambo ambayo kila msafiri anastahili kuyajua, awe mgeni anayekuja kwetu au kijana wetu anayekwenda kushindana ugenini.

Je, wajua kuwa kwenye lebo ya mzigo, KIA si KIA? Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tunaouita KIA, uliofunguliwa mwaka 1971, alama yake ni JRO. Alama ya KIA ni ya kiwanja kidogo cha Kaiapit, kule Papua New Guinea. Kisongo nacho, kiwanja kilicho magharibi mwa mji wa Arusha, ni ARK. Zisome herufi hizo tatu ukiwa bado mbele ya kaunta, kabla mzigo haujaondoka na mkanda.

Je, wajua kuwa kile kikaratasi wanachokubandikia nyuma ya tiketi kina tarakimu 10, na ya pili hadi ya nne hulitaja shirika lililotoa lebo? Kwa namba hiyo mzigo hutambulika hata ukiwa mikononi mwa shirika jingine. Wengi hukitupa wakishaketi kwenye ndege. Kitunze kama unavyotunza risiti ya kifurushi ulichokabidhi basi pale stendi.

Mizigo mingi hukwama pale ndege zinapobadilishwa. Kwa hesabu za kampuni ya SITA, mwaka 2023 mizigo 6.9 kwa kila abiria 1,000 ilipata matatizo duniani, na karibu nusu ya iliyochelewa ilichelewa katika kuhamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine. Boksi la baiskeli ni kubwa, mara nyingi hupitishwa kando na mkanda wa kawaida, hivyo saa moja ya kuunganisha ndege ni ndogo mno kwake. Mimi ningechagua saa tatu, hata kama tiketi itakuwa ghali kidogo.

Sasa sheria, na hapa ndipo watu wetu wanapopoteza haki zao. Tanzania imo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Mzigo usipofika ndani ya siku 21 tangu siku uliyopaswa kufika, unaweza kuudai kama uliopotea. Ukifika umechelewa, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa kuandika malalamiko. Ukifika umevunjika, una siku 7 tu. Malalamiko ni ya maandishi. Kumlalamikia mtu wa kaunta kwa mdomo hakuhesabiki. Kwenda mahakamani mwisho ni miaka 2. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani. Baiskeli nyingi za mashindano zinazidi bei hiyo. Mkataba unamruhusu abiria kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo, na kulipia nyongeza ikitakiwa. Wachache mno hufanya hivyo.

Kuazima baiskeli Arusha si kazi. Kazi ni kuifanya ikufae. Viatu vya mgeni wetu vilinasa kwenye pedali za aina moja tu, na pedali hizo zilikuwa ndani ya boksi! Zingekuwa kwenye begi la mkononi, angepanda baiskeli ya kuazima hadi Ngaramtoni kesho yake asubuhi. Na je, wajua kuwa pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha spana kuelekea inakozunguka mishale ya saa, kinyume cha skrubu nyingine? Wengi huikaza zaidi wakidhani wanaifungua.

Matairi nayo yana mtego wake. Baiskeli zetu za kubebea mizigo ni namba 28, na nyingi za kizungu nazo huandikwa 28. Lakini ringi ya hizi zetu ni milimita 635, ya zile ni 622. Haziingiliani hata ulazimishe. Ile ya 26, yenye milimita 559, ndiyo mafundi wetu wanayo kwa wingi. Anayekuja na 622 aje na tairi la akiba.

Boksi lilifika siku ya tatu, likiwa zima. Lilipatikana kwa sababu mgeni alikuwa amejaza fomu ya taarifa na kupewa namba inayoanza na JRO, herufi mbili za shirika, kisha tarakimu 5. Nawe ndugu msomaji, ukisimama pale KIA hadi mkanda unazimwa na mzigo wako haujaonekana, usitoke ukumbini kabla hujaishika namba hiyo mkononi.