Harold Russell na Nafasi Zilizochezwa na Wengine

Katika The Best Years of Our Lives, filamu ya Marekani ya mwaka 1946, baharia Homer anampandisha mchumba wake Wilma chumbani ili amwonyeshe anavyojiandaa kulala. Anajinasua kwenye mikanda ya mabegani inayoshikilia kulabu zake mbili za chuma, anaziacha kitandani, anavaa shati la pajama bila kuweza kulifunga. Anamweleza kwamba tangu dakika hiyo, mlango ukijifunga, hana uwezo wa kuufungua. Wilma hakimbii wala halii. Anamfunga vifungo, anamfunika.

Aliyecheza nafasi hiyo, Harold Russell, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mkufunzi wa jeshi aliyepoteza mikono yote miwili tarehe 6 Juni 1944, baruti ilipomlipukia akiwa mazoezini North Carolina. Mwongozaji William Wyler alimwona katika filamu fupi ya jeshi kuhusu majeruhi wanaojifunza kuishi upya, akamtaka. Katika kitabu kilichozaa filamu hiyo, Homer alikuwa ameumia ubongo na viungo havimtii. Hadithi ikabadilishwa imfuate Russell. Baadaye Wyler alipogundua kwamba kijana huyo anapelekwa kufundishwa uigizaji, alikasirika. Alimtaka jinsi alivyo.

Mwaka 1947 Russell alipewa tuzo mbili za Oscar kwa nafasi hiyohiyo moja. Ya kwanza ilikuwa ya heshima, kwa kuwapa matumaini wanajeshi wenzake. Ya pili aliishinda kwa kura, kama mwigizaji bora msaidizi. Kisha? Wyler mwenyewe alimshauri arudi chuoni, kwa sababu nafasi za mtu asiye na mikono zilikuwa chache. Russell alitii, na ilipita zaidi ya miaka 30 kabla hajaonekana tena katika filamu nyingine ya Hollywood, Inside Moves ya mwaka 1980.

Hapo ndipo penye uchungu. Hadithi za watu wenye ulemavu hazikupungua. Waliopungukiwa nafasi ni wenye ulemavu wenyewe. Dustin Hoffman alishinda Oscar kwa kumwigiza mtu mwenye usonji katika Rain Man ya 1988. Mwaka uliofuata Daniel Day-Lewis alimwigiza Christy Brown, mwandishi na mchoraji wa Ireland aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, katika My Left Foot, naye akashinda. Ni waigizaji hodari, hakuna ubishi. Lakini hodari huyo akimaliza kazi huinuka kwenye kiti cha magurudumu akaenda zake, na anayekitegemea kiti hicho kila siku hata kwenye usaili hakuitwa.

Wachache waliitwa. Marlee Matlin, ambaye ni kiziwi, alishinda Oscar mwaka 1987 akiwa na miaka 21, kwa filamu ya Children of a Lesser God. Ilipoandaliwa filamu ya CODA, hadithi ya familia ya wavuvi viziwi wa Gloucester, Massachusetts, wenye fedha walisitasita kuwapa viziwi nafasi nyingine mbali na ya Matlin. Matlin akasema wazi kwamba wakiwanyima anaondoka. Wakakubali. Troy Kotsur, aliyecheza baba, anamwomba binti yake aimbe, kisha anaweka viganja shingoni mwa binti huyo ili aupate wimbo kwa mtetemo. Mwaka 2022 alitwaa Oscar, kiziwi wa kwanza wa kiume kuipata kwa uigizaji, miaka 35 baada ya Matlin.

Tanzania nayo ina mfano wake. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice mwaka 2013, inamfuata Alias, kijana mwenye ualbino ambaye baba yake ameuawa na wasaka viungo vya watu wenye ualbino. Mama anampeleka mjini kwa mjomba, naye anaingia mtaani kuuza miwani, simu na diski. Ni filamu ngumu kuitazama, na haikupaswa kuwa laini. Alias anachezwa na Hamisi Bazili, kijana mwenye ualbino, kwa Kiswahili, na nguvu yake iko katika mambo madogo: anavyopatana bei na wateja, anavyopenda, anavyokasirika. Mtazamaji anamjua kwanza kama kijana anayehangaikia riziki, ndipo hofu inapomfika.