Dimenshia Kizimbani: Kusimamisha Kesi si Kumsafisha Mtu

Agosti 2023, majaji wa rufaa wa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za ile ya Arusha iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda waliagiza kesi ya Félicien Kabuga isimamishwe bila kikomo. Mfanyabiashara huyo wa Rwanda, aliyeshtakiwa kwa kufadhili mauaji ya kimbari ya 1994, alijificha kwa zaidi ya miaka 20 hadi alipokamatwa karibu na Paris mwaka 2020. Madaktari walimkuta na dimenshia, maradhi yanayomomonyoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Wengi waliona ameponyoka mkono wa sheria. Kwa maoni yangu majaji walikuwa sahihi, kwa sababu sheria inauliza maswali mawili tofauti: akili ya mtu ilikuwaje siku ya tendo, na ikoje leo anaposhtakiwa. Hakuna aliyedai Kabuga alikuwa na maradhi hayo mwaka 1994. Tatizo lilikuwa katika swali la pili tu.

Utasema basi kila mzee atajifanya amesahau. Lakini jina la ugonjwa peke yake halimwokoi mtu. Mawakili wa Pavle Strugar, jenerali wa Yugoslavia aliyeshtakiwa The Hague kwa mashambulizi dhidi ya mji wa Dubrovnik, nao walidai mteja wao ana dimenshia. Majaji walipima anachoweza kufanya: je, anaelewa mashtaka, anafuatilia ushahidi, anaweza kumwelekeza wakili wake, anajua hukumu itamfikisha wapi? Waliridhika kwamba anaweza, kesi ikaendelea, na mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha miaka 8.

Pingamizi lililo zito ni la manusura wa Rwanda, waliosubiri miongo kadhaa na sasa hawatasikia hukumu. Majaji waliosikiliza kesi ya Kabuga kabla ya rufaa walilihisi. Walipendekeza ushahidi uendelee kusikilizwa bila uwezekano wa kumtia mtu hatiani. Uingereza ina utaratibu wa namna hiyo, ila umewekwa na Bunge. Mahakama iliyomshtaki Kabuga haikupewa mamlaka hayo, na majaji wanaojitungia utaratibu katikati ya kesi (hata kwa nia njema kabisa) wanamnyima mshtakiwa asiyeweza kujibu kinga yake ya mwisho. Kabuga hakuachiwa kwa kuonekana hana hatia, wala hakutiwa hatiani. Anayetaka ukweli uandikwe katika kesi za namna hii awaendee watunga sheria, asiwalaumu majaji.