Mtoto Asiyetulia Darasani

Katika kambi zetu, za jeshi na za polisi, yuko mtoto ambaye kila mwalimu amemchoka. Akiketi huinuka, akianza hesabu huiacha katikati, akiulizwa swali hujibu kabla halijamalizika. Mwisho wa muhula ripoti yake huletwa nyumbani na neno moja: mtundu. Baba arudipo kutoka lindoni hulisoma neno hilo, na mkono wake hutafuta mshipi.

Twawaomba wenzetu waurudishe mshipi kiunoni. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliporekebishwa mwaka 2016, ilipiga marufuku viboko shuleni. Na lililokatazwa kwa mwalimu aliyeisomea kazi yake halimfai baba aliyetoka kukesha. Tena, si kila mtundu ni mkaidi. Mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza wenzake mjini London habari za watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia wala kulishika jambo moja kwa muda. Leo madaktari huiita hali hiyo upungufu wa umakini. Hailetwi na malezi mabaya, na mara nyingi hurithiwa. Wako pia watoto ambao umakini wao hupungua baada ya malaria iliyopanda ubongoni, na wengine ambao hawasikii vema au hawauoni ubao. Kwa hiyo mtoto na apelekwe kwanza zahanati ya kambi, kabla hajahukumiwa.

Wako wazazi walioamua kumfundisha mtoto wa namna hii nyumbani. Thomas Edison, aliyekulia Port Huron nchini Marekani, alikaa shuleni miezi michache tu. Mama yake Nancy, aliyepata kuwa mwalimu, akamtoa na kumfundisha mwenyewe. Baadaye mtoto huyo alijipatia hataza 1,093 za uvumbuzi katika nchi yake. Hatusemi kwamba kila mtoto wa kambini atavumbua kitu. Tunalolitazama ni jinsi alivyojifunza: alilisoma jambo kitabuni, kisha akalijaribu kwa mikono yake.

Na hapa askari hana haja ya kwenda mbali kutafuta elimu ya ualimu. Mkufunzi amfundishapo kuruta kuipangua bunduki, hampi hotuba ya saa tatu. Hueleza kwa ufupi, huonyesha, humwacha kuruta aige hatua moja, humsahihisha, kisha humrudisha kwenye zoezi mpaka vidole vizoee. Baada ya kipindi, mapumziko. Wengi wetu ambao hatukung'ara darasani tuling'ara uwanjani kwa njia hiyo hiyo. Basi mtoto naye apewe amri moja kwa wakati mmoja, wala si tano. Asome dakika kumi na tano, akateke maji, arudi. Hesabu za kugawanya zifanywe kwa maharagwe mezani. Akimaliza asifiwe papo hapo, maana sifa ya Jumamosi kwa kazi ya Jumatatu haimfikii. Kelele za uwanja wa kwata, hizo zinajulikana. Hazina kazi sebuleni.

Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 10, 2022, kila nyumba ililazimika kuwa darasa. Ilidhihirika kwamba kazi hii humla mtu siku nzima.

Kumtoa mtoto shuleni kabisa, kwa hiyo, si jambo la kuamuliwa kwa hasira. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 imeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na mtihani wa darasa la saba uko mikononi mwa UNEB. Mzazi na amwone mwalimu mkuu na afisa elimu wa wilaya mapema. Kwa walio wengi, sisi twaona heri mtoto abaki shuleni, aketishwe mbele karibu na mwalimu, na nyumbani apate saa moja ya masomo kila jioni.

Saa hiyo kwa kawaida humwangukia mama, kwa kuwa baba yuko kazini mbali, pengine nje ya nchi. Askari aliye likizoni aketi naye waandike ratiba ya juma zima, aibandike ukutani, naye aishike zamu yake ya kufundisha tangu jioni ya kwanza, ili mtoto aione desturi hiyo imesimama kabla gari la kikosi halijaja kumchukua baba.