Masomo yakifungwa: tuwalinde watoto wetu nyumbani

Tarehe 18 Desemba 2020 masomo yalifungwa tena katika nchi nzima. Watoto walikuwa wamerudi darasani tarehe 12 Oktoba, na hata miezi mitatu haikutimia. Tulitazamia kwamba mwanzoni mwa Januari wangevaa tena bleu-blanc yao. Siku hiyo ilipita, wao bado walikuwa nyumbani. Sokoni, kwenye bomba la maji, katika mikutano ya likelemba, swali lilikuwa moja: watarudi lini?

Jibu la swali hilo halikuwa mikononi mwetu. Lakini mambo mengi yanayompata mtoto masomo yakiwa yamefungwa yako mikononi mwetu. Ndiyo maana juma hili tunaandika juu ya nyumba: jinsi familia zinavyojikaza, na hatari ambazo hatupaswi kuzifumbia macho.

Haikuwa mara ya kwanza

Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye Rais wa Jamhuri alitangaza kufunga masomo, na tarehe 19 Machi watoto walibaki nyumbani. Walioitwa kwanza ni wa miaka ya mwisho, yaani wa sita wa primeri na wa sita wa segondari, tarehe 10 Agosti, ili watayarishe mitihani yao. Wengine walingoja mpaka Oktoba. Mtoto wa mwaka wa tatu wa primeri alikaa karibu miezi saba bila mwalimu. Desemba akakaa tena.

Majirani hawakufuata njia moja. Burundi haikufunga masomo, na wamama wa Uvira wanajua hivyo kwa sababu Bujumbura iko pale ng'ambo tu. Tanzania ilifungua madarasa yote tarehe 29 Juni 2020. Kenya iliwarudisha watoto wote tarehe 4 Januari 2021. Kwetu serikali iliogopa wimbi la pili, ikaweka pia amri ya kutotembea usiku, tangu saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja ya asubuhi.

Mzigo umeangukia nani?

Masomo yakifungwa, kazi ya nyumba inaongezeka. Watoto waliokuwa wakikaa darasani asubuhi nzima sasa wanataka chakula cha saa sita, sabuni, maji na mtu wa kuwaangalia. Na mama ndiye huyo huyo anayetoka alfajiri kutafuta fufu ya jioni.

Kwa wamama wa Goma na Bukavu waliokuwa wakivuka kila siku kwenda Rwanda na nyanya, samaki au nguo, mambo yalikuwa magumu zaidi. Mipaka ilifungwa kwao tangu Machi 2020, mtaji ukaliwa nyumbani. Biashara ya kila siku ikisimama, minervali ya segondari haipatikani. Primeri ya serikali ni ya bure tangu mwaka wa masomo wa 2019-2020, kama Katiba yetu inavyosema katika kifungu cha 43. Lakini daftari, biki na viatu havikuwa bure hata siku moja.

Tusiwasahau walimu. Wale wa masomo ya binafsi hulipwa kwa pesa za wazazi. Darasa likifungwa, mshahara unafungwa pia. Walimu wengi wa serikali ambao hawajaandikwa kwenye orodha ya malipo wako katika hali hiyo hiyo. Mwalimu wa mtoto wako anaweza kuwa jirani anayeuza makala leo.

Saa mbili kwa siku zinatosha kuanza

Familia zinazojikaza vizuri si zile zenye pesa nyingi. Ni zile zilizoweka saa. Tuchukue mfano wa nyumba yenye watoto watano, simu moja na redio moja. Asubuhi mapema wote wanafanya kazi: maji, kufagia, vyombo. Kisha, tuseme tangu saa tatu mpaka saa tano, kazi inasimama na kila mmoja anashika daftari. Mkubwa wa segondari anamfundisha wa mwaka wa tano, wa mwaka wa tano anamsikiliza mdogo akisoma. Anayefundisha naye anajifunza, maana huwezi kueleza jambo usilolijua.

Redio inasaidia. Wizara ya elimu, pamoja na Redio Okapi na UNICEF, walianzisha mwaka 2020 vipindi vya mafundisho hewani, Okapi École. Umeme ukikatika, betri za redio zinunuliwe kwa pamoja: nyumba tatu au nne za parsela moja zinachanga, watoto wanakaa nje, kila mmoja mbali kidogo na mwenzake, wanasikiliza. Baada ya kipindi, mkubwa mmoja awaulize: mmesikia nini? Bila swali hilo, redio inapita kama wimbo.

Wamama wengi husema: mimi sikusoma, nitamfundisha nini? Unaweza mengi. Mwambie mtoto akusomee kwa sauti, halafu akueleze maana bila kutazama daftari. Akigugumia, asome tena. Mpe hesabu ya kweli: kipimo cha maharagwe ni pesa ngapi, tukinunua vitatu ni ngapi, tukitoa noti ya 5.000 turudishiwe ngapi. Aandike orodha ya soko na bei zake. Aandike barua kwa bibi yake kijijini. Usione haya kwamba unamfundisha kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia. Mtoto anayesoma vizuri Kiswahili hataanza na sifuri akifika kwenye Kifaransa.

Msichana apewe saa zake

Hapa tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi, masomo yakifungwa, kijana anapumzika na msichana anageuka mama wa pili. Anabeba bido, anabeba mdogo wake mgongoni, anapika sombe, na jioni anatumwa kuuza karanga. Daftari lake linakaa chini ya godoro. Siku masomo yanapofunguliwa yeye amesahau zaidi kuliko kaka yake, na baba anasema: huyu hana akili ya masomo. Akili anayo, hakupewa saa.

Tugawe kazi. Kijana wa miaka kumi na miwili ana mikono ya kuosha vyombo na mabega ya kubeba maji. Hakuna mila inayovunjika hapo.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Sierra Leone, wakati wa Ebola, masomo yalifungwa tangu katikati ya 2014 mpaka Aprili 2015. Wasichana wengi sana walipata mimba katika miezi ile. Masomo yalipofunguliwa, serikali yao ilikataza wasichana wenye mimba kukaa darasani pamoja na wenzao, na katazo hilo liliondolewa tu Machi 2020. Miaka mitano, na wasichana waliolipa deni la ugonjwa ambao si wao walioleta. Tusingoje kujifunza hayo kwa watoto wetu wenyewe.

Kwa hiyo mama ajue msichana wake yuko wapi na yuko na nani. Asitumwe kuuza mpaka giza. Anayempa simu, unite au pesa ndogo ndogo bila sababu aulizwe anataka nini. Nasi tusimwache msichana bila sabuni na vitambaa vya siku zake, kwa maana kwa wengine hitaji hilo dogo ndilo mlango wa kudanganywa.

Sheria iko wazi. Tangu Julai 2006, anayelala na mtoto aliye chini ya miaka 18 anahesabiwa kuwa amembaka, hata akisema walipatana. Na Kanuni ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inasema ndoa ni kuanzia miaka 18, kwa msichana na kwa kijana. Si jambo la kumaliza kwa mbuzi kati ya familia mbili. Mtoto akitendewa ubaya, apelekwe hospitali mara moja, kabla ya masaa 72 kupita, ili apewe dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi na mimba. Asioshwe kwanza, asifichwe. Bukavu, Hospitali ya Panzi inawapokea wanawake na wasichana waliopatwa na mambo hayo.

Vijana nao wanapotea

Kwa vijana hatari ina sura nyingine. Anaanza kwa kusukuma mizigo sokoni, anaona pesa, kisha anasikia wenzake wameenda machimboni. Tarehe 11 Septemba 2020, wakati watoto wengi walikuwa bado wanangoja kurudi darasani, shimo la dhahabu liliporomoka Kamituga baada ya mvua kubwa, na makumi ya watu walikufa. Mama asifurahie haraka noti ya kwanza anayoleta kijana. Amuulize imetoka wapi.

Kijana anayetaka kazi apewe kazi ya karibu: kusaidia fundi seremala wa kartie, kulima bustani ya mboga nyuma ya nyumba, kutengeneza viatu. Na jioni bado ashike daftari.

Kikundi kifanye nini?

Mama mmoja peke yake anachoka. Kikundi hakichoki upesi. Haya ni mambo manne ambayo kila kikundi kinaweza kuanza juma hili:

Kwanza, katika likelemba au MUSO yenu, wekeni sanduku dogo la pembeni la masomo. Kila mkutano kila mmoja aongeze kidogo. Siku ya kufungua, wale waliopungukiwa wakopeshwe bila faida.

Pili, mpangane zamu. Mama mmoja akae na watoto wa nyumba tatu siku ambayo wenzake wako sokoni. Watoto wawe wachache, wanawe mikono kwa maji na sabuni, na mwenye homa abaki kwao. Ndugu zetu wa Beni na Butembo walizoea hayo katika Ebola tangu 2018: watoto walisoma, ndoo ya maji ikiwa mlangoni.

Tatu, msaidieni mwalimu mmoja wa karibu. Hata kipimo cha unga kwa juma ni shukrani, naye atakuja kusahihisha madaftari ya watoto wenu.

Nne, andikeni majina ya watoto wote wa avenyu wanaosoma, wasichana na vijana. Masomo yakifunguliwa, juma la kwanza, mpite nyumba kwa nyumba na orodha hiyo. Asiyerudi, mjue sababu. Ni minervali? Ni mimba? Ameenda machimboni? Ameposwa? Kila sababu ina mlango wa kugonga: prefe, mkuu wa kartie, mchungaji, imamu, au sanduku lenu wenyewe.

Msichana aliyepata mimba au aliyejifungua katika miezi ya kufungwa asifutwe kwenye orodha. Mtoto wake akiwa na nani asubuhi, yeye anaweza kusoma. Bibi yupo, shangazi yupo, na zamu za kikundi zipo.

Wamama, wakati wa ugonjwa hupita. Siku kengele itakapolia, kila jina lililoandikwa kwenye orodha yenu lijibu: nipo.