Kutoka Kianjai hadi Lamu: Mji wa kale husomwa kwa miguu

Kwa mkazi wa Kianjai, katika Tigania Magharibi, Lamu huonekana kuwa ulimwengu wa mbali usiomhusu. Hata hivyo, masimulizi ya Wameru husema kwamba wahenga wao walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, wakikimbia dhuluma za watu waliovaa nguo nyekundu, Nguo Ntune. Inasimuliwa kuwa waliovuka usiku waliitwa Njiru, waliovuka alfajiri Ntune, na waliovuka mchana Njeru. Mgawanyo huo wa koo ungali unatajwa hadi leo.

Mtafiti Jeffrey Fadiman, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Meru, anahusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, kinachotazamana na Lamu. Maadamu ni hivyo, Mmeru anayezuru Lamu ana sababu ya ziada ya kwenda polepole, tena kwa miguu.

Kutembea si suala la hiari pekee. Gari huishia Mokowe, bara, na msafiri huvuka kwa mashua. Vichochoro vya mji mkongwe havikujengwa kwa ajili ya magari, na mizigo mingi hubebwa na punda au kusukumwa kwa mikokoteni.

Aghalabu matembezi huanzia uwanja ulio mbele ya ngome, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1821. Ngome hiyo ilitumika kama gereza hadi mwaka 1984, kisha ikageuzwa kuwa makumbusho. Karibu nayo unapita Usita wa Mui, barabara kuu ya mji. Kaskazini ni Mkomani, penye nyumba nyingi za mawe. Kusini ni Langoni, na upande huo ndiko uliko Msikiti wa Riyadha, kitovu cha sherehe za Maulidi.

Kiongozi mzuri humfundisha mgeni kuzisoma kuta. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa urefu wa boriti una kikomo, vyumba vimekuwa virefu lakini vyembamba. Kuta za nje hazina madirisha mengi, kwani nuru na hewa huingia kupitia ua wa ndani. Mlangoni pana daka, lenye viti vya mawe, ambapo mgeni hupokewa bila kuingilia faragha ya familia. Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, daraja linalounganisha nyumba za jamaa ili wanawake wapite pasipo kuonekana barabarani. Uhai wa ujenzi huo ni miongoni mwa sababu zilizofanya UNESCO iuweke mji huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Kutoka hapo, msafiri anaweza kwenda Manda kwa mashua, maji yakijaa, kuona magofu ya Takwa, mji wa Waislamu uliohamwa katika karne ya 17. Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Takwa ni mabaki ya mji wa Waswahili, wala kuta zake hazithibitishi kwamba hapo ndipo Mbwaa. Kauli ya Fadiman ni hoja ya mtafiti, si hukumu ya mwisho. Mgeni asimlazimishe kiongozi wa Lamu kumpa jibu ambalo mawe hayana.

Ushahidi wa Mbwaa uko zaidi katika vinywa vya wazee wa Meru, na kila mzee anayefariki huondoka na sehemu yake. Kwa hivyo, matayarisho ya kwanza hufanyika nyumbani. Kabla ya kupanda gari, msafiri awaendee wazee wa ukoo wake, awaulize kuhusu uvukaji ule, na ayaandike majibu yao. Wazee wa Njuri Ncheke, ambao makao yao yako Nchiru, si mbali na Kianjai, ni hazina nyingine.

Akifika Lamu, atembee asubuhi au baada ya alasiri kuepuka jua kali, avae mavazi ya heshima, aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na akubaliane na kiongozi juu ya malipo kabla ya kuanza safari.