Staringi hafi: Jinsi ya kununua filamu za mfululizo za zamani bila kupigwa changa la macho

UNAJUA ile hasira ya kufika mwisho wa kipindi, gari la staringi linatumbukia kwenye genge, halafu skrini inakuwa nyeusi? Usidhani mtindo huo ulibuniwa juzi na Netflix. Wamarekani walikuwa wakiwaacha watu roho mkononi tangu enzi za sinema zisizo na sauti.

Mwaka wa 1914, mwigizaji Pearl White alivuma kupitia The Perils of Pauline. Kufikia miaka ya 1930 na 1940, kampuni za Universal, Republic na Columbia zilikuwa zikitoa filamu hizi za mfululizo moja baada ya nyingine. Hadithi iligawanywa katika sehemu 12 hadi 15, nyingi zikiwa za dakika 15 hadi 20, na ukumbi wa sinema ulionyesha sehemu moja kwa wiki. Ulitaka kujua kama staringi alipona? Tafuta senti za tiketi, urudi wiki ijayo.

Runinga ilipoingia majumbani, biashara hiyo ikayumba. Ya mwisho, Blazing the Overland Trail ya Columbia, ilitoka mwaka wa 1956.

Sasa kijana wa Umoja au Nyali zinamhusu nini? Zinamhusu sana, kwa sababu muvi anazozipenda zimetoka humo. George Lucas alitaka kutengeneza filamu ya Flash Gordon, akakosa haki zake, ndipo akaketi kubuni Star Wars (1977). Yale maandishi yanayopanda angani mwanzoni mwa Star Wars utayaona kwenye Flash Gordon Conquers the Universe ya mwaka wa 1940. Naye Indiana Jones, na kofia na mjeledi wake, ni mjukuu wa filamu hizo hizo.

Ukipenda mashujaa wa katuni, tafuta Adventures of Captain Marvel ya Republic (1941). Wakati huo hakukuwa na kompyuta. Ndugu wawili, Howard na Theodore Lydecker, walimfanya shujaa apae kwa kuteleza mwanasesere mkubwa kwenye nyaya. Amini usiamini, bado inakubalika machoni.

Habari njema ni kwamba nyingi ya filamu hizi zinauzwa kwa bei ya kutupa. Sababu ni ya kisheria. Nchini Marekani, kazi iliyotolewa kabla ya mwaka wa 1964 ililindwa kwa miaka 28, kisha mwenyewe alitakiwa kuisajili upya. Wengi hawakujisumbua. Filamu zao zikawa mali ya umma, na yeyote mwenye nakala anaweza kuichapisha na kuiuza bila kumlipa mtu. Ndiyo maana kampuni kama Alpha Video na Mill Creek huuza diski kwa dola chache tu.

Lakini rahisi nayo ina mambo yake. Kwa vile kila mtu anaruhusiwa kuuza, wapo wanaouza chochote. Mmoja atakuwa na nakala safi, mwingine ametoa nakala ya kanda iliyotolewa kwa kanda nyingine, hadi uso wa staringi unafanana na uji. Kabla ya kutoa doo zako, zingatia haya.

Kwanza, piga hesabu ya dakika. Mfululizo wa sehemu 12 hufika saa tatu na nusu hivi au zaidi. Ukiona kasha limeandikwa dakika 90, jua umeuziwa toleo lililokatwakatwa. Studio zenyewe zilikuwa zikifupisha mifululizo kuwa filamu moja, mara nyingine kwa jina tofauti. Kwa mfano, The Crimson Ghost ya mwaka wa 1946 ilipokatwa kwa ajili ya runinga iliitwa Cyclotrode X. Mtu asiyejua hununua zote mbili akidhani ni hadithi tofauti.

Pili, angalia namba ya eneo. DVD za Marekani huwekewa alama ya eneo la 1, ilhali Kenya iko eneo la 5. Kwa Blu-ray, Marekani ni A na sisi ni B. Deki iliyofungwa kwa eneo letu itakataa diski hiyo katakata. Tafuta iliyoandikwa "0" au "All". Diski nyingi za bei nafuu hazifungwi kwa eneo lolote, na hapo ndipo zinapozishinda zile za bei ghali.

Tatu, hakikisha deki na runinga yako zinasoma NTSC, mfumo wa Marekani. Nyingi za siku hizi zinasoma, ila ile deki ya zamani ya mjomba huenda ikakuonyesha picha nyeusi na nyeupe inayorukaruka.

Nne, geuza diski utazame chini. Ikiwa na rangi ya zambarau, imechomwa kwenye kompyuta wala haikuchapwa kiwandani. Si kosa, lakini huharibika upesi zaidi ikianikwa juani. Inunue kwa bei ya chini na utoe nakala ya akiba.

Tano, onja kabla ya kulipa. Mifululizo ambayo ni mali ya umma imejaa kwenye Internet Archive, bure. Tazama sehemu ya kwanza huko. Ukiona nakala ya bure ni safi kuliko picha za muuzaji, bakisha pesa yako. Ukipata kampuni iliyosafisha picha kutoka kwa filamu halisi, hapo lipa bila kunung'unika. Na kumbuka posta: diski ya dola tano inaweza kukugharimu zaidi kwa usafiri, hivyo agizeni na marafiki kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo kasha halitakuambia. Afrika ilikuwa uwanja mtamu wa filamu hizi, ingawa nyingi zilipigwa California. Mfululizo wa kwanza kabisa wa Republic uliitwa Darkest Africa (1936). Katika The Lost City (1935), mwanasayansi mwendawazimu amejificha katikati ya Afrika, anawageuza Waafrika kuwa majitu yasiyo na akili ili wamtumikie, na Mzungu ndiye anakuja kuokoa dunia. Utaboeka, kisha utakasirika.

Je, uziache? La hasha. Bibi na babu zetu walipokuwa wakiishi maisha yao hapa, watoto wa Marekani walikuwa wakifundishwa kila wiki kuwa Mwafrika ni jitu au ni mtumishi. Ukitazama sehemu zote 12, utaelewa baadhi ya maswali ya kijinga ambayo Wakenya wanaosoma ng'ambo huulizwa hadi leo yalikotoka.

Tena kwa filamu ambayo ni mali ya umma, unaweza kufanya zaidi ya kukasirika. Sheria ya Kenya hulinda filamu kwa miaka 50, na hizi zimevuka muda huo zamani. Hakikisha tu kwamba unayoshika si toleo jipya lenye muziki mpya, na kwamba mhusika wake hana mwenyewe. Batman na Superman wana wenyewe hadi leo, hao usiwaguse.

Zilizobaki zikate, zitie sauti, zisimulie upya kwa Kiswahili au Sheng. DJ Afro alishatuonyesha kwamba muvi ya wenyewe hugeuka kuwa yetu pindi msimuliaji anaposhika maikrofoni. Yale majitu ya The Lost City yamekaa kimya tangu mwaka wa 1935. Mwenye maikrofoni na diski ya dola tano anaweza kuyapa majina, na ya kusema.